Namba Kwenye Kadi: Shajara ya Mradi wa Presha, Mwaka wa Kwanza wa Uzamili

Shajara hii inahusu mradi mmoja: utafiti wa tasnifu yangu kuhusu namna presha inavyopimwa kliniki, niliouandaa tangu nilipoanza uzamili wa tiba ya ndani hapa Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza wa uzamili wa udaktari haukupi nafasi ya kukaa pembeni ukasoma. Asubuhi uko wodini, mchana uko darasani, usiku una zamu, na katikati ya hayo yote idara inakudai andiko la utafiti. Naiweka hadharani kwa ajili ya madaktari wanaojiandaa kuomba nafasi, na zaidi kwa kila mwenye kadi ya kliniki ya presha nyumbani. Habari hii ni yake.

Novemba 2024

Kwanza mpangilio, kwa wanaouliza. Uzamili wa tiba ya ndani ni miaka 3. Mtu anaingia akiwa daktari tayari: miaka 5 ya shahada ya kwanza, mwaka wa intani, yaani mafunzo kazini chini ya usimamizi, kisha wengi wetu tumepita mikoani kwanza. Mimi nimetoka hospitali ya wilaya moja kusini, ambako daktari ni huyo huyo kwa mwenye homa, kwa mama anayejifungua na kwa kijana aliyeanguka kutoka kwenye mnazi. Hapa unaitwa rezidenti. Juu yako yuko daktari bingwa, chini yako wako intani, na wote wawili wanategemea uwe umemwona mgonjwa kabla yao.

Hospitali ya Muhimbili ina historia ndefu ya kufundisha madaktari. Shule ya udaktari ilianza hapa Dar 1963, miaka miwili baada ya uhuru. Unapopita Upanga asubuhi na mapema, makoti meupe yakishuka mwendokasi na daladala, unaona kabisa kwamba kazi ile bado inaendelea.

Tumeanza na sayansi za msingi: fiziolojia, farmakolojia, patholojia, takwimu, epidemiolojia. Baadhi ya wenzangu wanahisi wamerudishwa nyuma. Mimi nafurahi. Nilipozisoma mara ya kwanza nilikariri ili nifaulu. Sasa kila ukurasa una sura ya mgonjwa niliyemwacha kule wilayani bila jibu.

Eneo la utafiti nimelipatia wodini. Kila siku ya kupokea wagonjwa kinaingia kiharusi. Mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki, na kando ya kitanda kuna ndugu amebeba mfuko wenye dawa nusu. Ukiuliza historia, sentensi ni ile ile: "Alikuwa na presha, lakini ilishashuka, akaacha dawa." Nimeisikia kwa watu wa Tabata, wa Kigamboni, wa Gongo la Mboto.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulikuta kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, kwa kila watu 100,000 viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa 315.9 Dar na 108.6 Hai. Karibu mara 3. Namba hizo nimeziandika ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi.

Desemba

Mwalimu wa fiziolojia ametumia kipindi kizima kwenye upana wa mshipa. Mfaransa Jean Poiseuille alionyesha katika karne ya 19 kwamba ukinzani dhidi ya mtiririko hubadilika kwa kipeo cha nne cha nusukipenyo. Yaani mshipa ukisinyaa ukabaki nusu ya upana wake, ukinzani unapanda mara 16. Ndiyo maana dawa inayolegeza mishipa midogo, hata kidogo tu, kama amlodipini, inashusha presha kwa kiasi unachokiona. Kisha akaingia kwenye figo, na hoja ya mwanafiziolojia Mmarekani Arthur Guyton kwamba presha haiwezi kukaa juu kwa muda mrefu iwapo figo zinatoa chumvi na maji inavyotakiwa. Nilitoka pale nikafikiria chipsi za kibandani: chumvi ya jikoni, kisha chumvi ya mezani, kisha tomato sosi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima.

Lakini kilichobadili mradi ni kadi. Mama mmoja wa Tandika alilazwa akiwa amepooza upande wa kulia, na binti yake akatoa kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye kipande cha khanga, safi, haina hata kunjo. Nikaisoma kutoka juu kwenda chini: 180/100, 170/100, 180/110, 160/90, 180/100, 170/90. Nikairudia. Kila namba inaishia na sifuri, miaka yote.

Hilo haliwezekani kwa bahati. Presha husomwa kwa milimita za zebaki, na mashine ya zebaki imechorwa mistari ya milimita 2, kwa hiyo namba sahihi huishia na 0, 2, 4, 6 au 8, na sifuri ingetokea takribani mara moja katika tano. Mashine ya betri inaweza kukupa tarakimu yoyote, kwa hiyo sifuri ni mara moja katika kumi. Kadi yenye sifuri tupu inaeleza kwamba mtu alikadiria. Na juu ya makadirio hayo dawa zilipandishwa: amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10, ikaongezwa haidroklorothiazidi, dawa ya kukojoza, kisha losatani, dawa nyingine ya presha, kisha mahudhurio yakakatika.

Simlaumu aliyeandika. Najua foleni ya kliniki inavyokuwa saa 2 asubuhi. Ila namba ile ndiyo inayoamua mtu ameze nini kila siku mpaka mwisho wa maisha yake, na mimi nilikuwa nimepanga kuchunguza kwa nini watu wanaacha dawa bila kuuliza kwanza kama namba iliyowapa dawa hizo ilikuwa ya kweli. Siku ile ile swali la mradi likawa hili: kipimo cha presha cha kawaida kliniki kinatofautiana kiasi gani na kipimo kilichofuata utaratibu wote?

Januari 2025

Mwezi wa kusoma historia ya kipimo, na ningependa kila intani aisome.

Scipione Riva-Rocci wa Turin alileta mkanda wa kuzungusha mkononi mwaka 1896. Ulikuwa mwembamba. Mwaka 1901 Heinrich von Recklinghausen akaonyesha kwamba mkanda mwembamba unatoa namba kubwa kuliko ukweli. Mwaka 1905 Nikolai Korotkoff, mpasuaji wa Urusi, akaeleza sauti zinazosikika mshipani mkanda unapolegezwa. Kwa hiyo tatizo la mkanda usiomtosha mgonjwa limejulikana kwa zaidi ya miaka 120, na bado kliniki nyingi zina mkanda mmoja kwa mikono yote.

Nimejifunza kupima upya. Aliyenifundisha ni sista mmoja wa kliniki, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, na nitaeleza anavyofanya kwa sababu ndiyo imekuwa kipimo cha utafiti wangu.

Mgonjwa anakaa kwenye kiti chenye mgongo. Miguu yote chini, haijapishana. Sista anamuuliza kwa sauti ya chini kama anahitaji kwenda haja kwanza. Anampandisha mkono wa nguo, na kama umebana anamwomba autoe kabisa, asifunge mkanda juu ya shati. Mkono unalala mezani, usawa wa moyo. Halafu salamu. Kwetu mzee hapimwi kama gunia, anasalimiwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Watu wa Mbagala hawajambo? Bibi yule mguu wake umepoa?"

Zinakwenda zote, za nyumbani, za wajukuu, za mvua. Zikiisha sista anasema, "Haya babu, sasa mimi na wewe tunyamaze mpaka nifungue mkanda." Dakika 5 kimya. Hapo ndipo anapima, mara mbili, akiacha dakika moja katikati.

Huo mpangilio wa salamu kwanza na kimya baadaye una maana kubwa. Kuongea wakati mkanda umekaza kunaweza kupandisha namba ya juu kwa milimita 10 hivi. Na sisi ni watu wa kuongea. Daktari anayesalimia huku mashine inajaa hewa anaona ana adabu, na anapandisha presha ya mzee kwa adabu hiyo hiyo. Sista hapunguzi heshima hata chembe. Anaiweka mahali pake.

Kisha masikio. Stetoskopu iko kwenye mkunjo wa kiwiko, mkanda umekaza: kimya. Unaachia hewa taratibu, milimita 2 kwa sekunde. Inaanza kugonga, kavu na ndogo. Hiyo ni namba ya juu. Inanenepa, inapata mvumo, inakuwa kali, inafifia, inapotea. Hiyo ni namba ya chini. Kwa baadhi ya wazee wenye mishipa migumu sauti hupotea katikati kisha zikarudi. Ndiyo maana sista hupapasa kwanza mpigo wa mkono huku akijaza hewa, ajue unapotea wapi. Asiyepapasa anaweza kuanzia ndani ya pengo hilo la kimya, akaandika 150 kwa mtu mwenye 190, akamruhusu arudi nyumbani.

Februari

Takwimu. Wengi wanaliogopa somo hili, lakini ndilo lililoupa mradi mifupa.

Kuna fomula ambayo kila rezidenti anaijua: ukichukua uwiano wa asilimia 50 na kosa la asilimia 5, inakupa sampuli ya watu 384. Nimepekua tasnifu za maktaba, 384 imejaa. Swali langu si la uwiano. Nampima mtu yule yule mara mbili na ninataka tofauti, kwa hiyo ukubwa wa sampuli unatokana na jinsi tofauti hizo zinavyotawanyika. Njia yenyewe ya kuzichora ilitolewa na Bland na Altman mwaka 1986 katika Lancet: kila mgonjwa ni nukta moja, mhimili mmoja ni wastani wa vipimo vyake viwili, mwingine ni tofauti yake. Unaona mara moja kama vipimo vinapishana kidogo kwa wote, au vinapishana vibaya kwa wachache. Kwangu hao wachache ndio muhimu. Wastani unaweza kuwa mzuri huku mama mmoja anameza dawa asiyoihitaji na mwingine ananyimwa inayomwokoa.

Msimamizi wangu alirudisha rasimu ya kwanza imejaa wino mwekundu. Malengo manne yakabaki mawili: tofauti ya vipimo, na sifuri za mwisho. Aliniuliza kwa nini mtu ajali tofauti ya milimita 5. Jibu nililikuta kwenye uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa uliochapishwa katika Lancet 2021: kushusha namba ya juu kwa 5 tu kunapunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takribani asilimia 10. Kama 5 inatosha kubadilisha hatima ya mtu, basi 5 ya kupima vibaya si kitu cha kufumbia macho.

Machi

Ramadhani, na joto la Dar lisilo na huruma. Nusu ya wagonjwa wa kliniki wamefunga, na kila mmoja anauliza swali moja: dawa ninywe saa ngapi?

Dawa ya mara moja kwa siku haisumbui, inakwenda na futari au na daku. Ya kukojoza ndiyo ya kufikiria: ukiimeza daku, asubuhi nzima unapoteza maji ambayo huwezi kuyarudisha mpaka magharibi, ukisimama ghafla kizunguzungu. Wengi tumewahamishia futari. Wenye figo zilizochoka au moyo uliopanuka tumewaomba wazungumze na mashehe wao pia, kwa sababu neno la daktari peke yake halitoshi nyumbani. Mzee mmoja wa Kariakoo alituletea mwenyewe ruhusa ya mgonjwa kutofunga aliyosomewa msikitini, na akatufundisha namna ya kuwaambia wengine bila kuwavunja moyo. Nimeiandika kwenye daftari karibu neno kwa neno.

Kwa mradi: nimeamua kutokusanya takwimu mwezi wa Ramadhani. Usingizi, chakula, maji na saa za dawa vyote vinabadilika, na utafiti huu hauna uwezo wa kutenganisha hayo.

Aprili

Masika. Wodi imejaa, zamu zimekaribiana, Jangwani imefunga njia kwa maji. Mradi haukusogea.

Mei

Nimetetea andiko mbele ya idara.

Kabla ya hapo, kisa kimoja kilichonipa nguvu. Mama ntilie, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara, alikuja na 172/104. Nilipima mzingo wa mkono wake: sentimita 38. Mkanda uliokuwepo mezani umeandikwa kwa mikono ya sentimita 22 hadi 32. Tukaazima mkanda mkubwa wodini, akapumzika, tukapima: 148/92. Bado ana presha, bado anahitaji dawa. Ila alikuwa anakaribia kuongezewa ya tatu, na hiyo ya tatu angeilipia mfukoni kutokana na sahani za wali.

Jaribio moja la Marekani lililochapishwa 2023 lilipima jambo hili hili: watu wenye mikono inayohitaji mkanda mkubwa zaidi, walipofungwa mkanda wa kawaida, namba ya juu ilizidi kwa wastani wa milimita 19.5. Lingine la 2024 lilionyesha kwamba mkono ukiwekwa mapajani namba ya juu inazidi kwa karibu 4, na ukining'inia pembeni inazidi kwa 6.5. Vitu hivi havihitaji mashine ya mamilioni. Vinahitaji meza na futi ya fundi cherehani.

Kwenye utetezi swali gumu lilikuwa la mpangilio. Profesa mmoja aliuliza: "Ukipima kwanza haraka haraka, kisha ukapima kwa utulivu, utajuaje kwamba namba haikushuka tu kwa sababu mtu ameshazoea?" Ni swali la haki kabisa. Kipimo cha pili huwa chini mara nyingi, hata bila kufanya chochote. Tumekubaliana kwamba nusu ya wagonjwa, kwa bahati nasibu, wataanza na kipimo cha utulivu kisha waende cha kawaida, na nusu nyingine kinyume chake.

Swali la pili lilikuwa la maadili, nami naliona kubwa kuliko la kwanza. Nikikuta mtu ameandikiwa 170 na kwangu ana 138, nafanya nini? Nikikuta ameandikiwa 140 na kwangu ana 176? Siwezi kuzifungia namba hizo kwenye kompyuta nikasubiri mwaka wa tatu. Utaratibu uliopitishwa: namba zote mbili zinakwenda kwa daktari anayemtibu siku ile ile kabla mgonjwa hajaondoka, na mgonjwa mwenyewe anaelezwa. Mtafiti habadilishi dawa.

Juni

Fomu ziko kwa kamati ya maadili ya utafiti. Fomu ya ridhaa niliiandika kwa Kiswahili tangu mwanzo na nikawasomea akina mama waliokuwa wanasubiri kliniki kabla ya kuipeleka. Sehemu waliyoikataa ni ile inayosema kukataa kushiriki hakutaathiri matibabu. Hawakuiamini. Mama mmoja aliniambia, "Dokta, ukishaniandika jina nimekataa, wiki ijayo utanikumbuka." Nimeibadilisha: anayeomba ridhaa si daktari wa kliniki ile, na majina ya waliokataa hayaandikwi popote. Kwa asiyesoma, shahidi wake wa hiari anasikiliza yote, kisha dole gumba.

Julai

Mitihani. Karatasi za sayansi za msingi, kisha mtihani mrefu wa kumchunguza mgonjwa mmoja mbele ya watahini. Nilichojifunza kwa wanaokuja: usiache wodi ukajifungie na vitabu. Maswali niliyojibu vizuri ni yale niliyowahi kuyajibu kitandani kwa mgonjwa.

Niliulizwa pia kuhusu dawa za kuanzia kwa wagonjwa wetu. Jaribio la CREOLE, lililofanywa katika nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, likachapishwa 2019, lilikuta kwamba amlodipini ikiambatana na haidroklorothiazidi au perindopril, dawa nyingine ya presha, inashusha presha vizuri kuliko perindopril na haidroklorothiazidi bila amlodipini. Ushahidi uliotoka kwa watu wetu wenyewe. Nilijibu kwa furaha, maana huo ndio udaktari ninaoutaka: swali letu, wagonjwa wetu, jibu letu.

Agosti

Kibali kimetoka na nimefanya utafiti wa majaribio kwenye kliniki moja ya jiji. Lengo la hatua hii lilikuwa kujua fomu na utaratibu vinafanya kazi, kwa hiyo sina matokeo ya kutangaza. Lakini nimeona jambo ambalo limebadilisha jinsi ninavyoufikiria mradi mzima.

Hoja niliyokuwa naisikia kila mahali, hata kwangu mwenyewe kule wilayani, ni kwamba dakika 5 za kupumzika haziwezekani. Wagonjwa ni wengi, muda hakuna. Nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri na saa mkononi. Mtu anafika alfajiri na kukaa masaa. Amepumzika kupita kiasi. Kisha jina linaitwa. Anasimama kwa haraka asije akapitwa, anatafuta kadi kwenye mkoba, anavuka ukumbi, anapanda ngazi mbili, anakaa kwenye stuli isiyo na mgongo, mkanda unafungwa juu ya nguo huku anaulizwa dawa zimebaki ngapi, naye anajibu. Mapumziko ya asubuhi nzima yanamwagika ndani ya dakika moja.

Muda upo. Unapotea kati ya benchi na mashine.

Nikamweleza msimamizi na sista mkuu wa kliniki, na tukajaribu kugeuza: mashine ihamie kwenye foleni. Viti vitatu vya mwisho kabla ya chumba cha daktari vikawa viti vyenye mgongo, na meza ndogo kando yake. Anayefika kiti cha kwanza anaulizwa haja, anapandisha mkono wa nguo, anapimwa mzingo wa mkono kwa futi ili apewe mkanda wake. Anasogea cha pili, mkono mezani, kimya. Kwenye cha tatu anapimwa mara mbili. Foleni haikusimama. Nesi hakuongezewa kazi, isipokuwa kuwakumbusha watu wasiongee, na hilo baada ya muda wagonjwa walianza kukumbushana wenyewe. "Mama, shii, uko kwenye kiti."

Shida zipo. Simu zinaita. Choo kiko mbali, na mwenye haja akienda anarudi akihema, inabidi aanze upya kiti cha kwanza. Mzee asiyesikia vizuri huongea zaidi akiona watu wamenyamaza, akidhani kuna msiba. Tumeongeza kwenye fomu kisanduku cha kuandika kama kimya kilivunjika, ili uchambuzi ujue.

Na kuhusu sifuri: mashine sasa inachapisha namba yenyewe kwenye kikaratasi, na kikaratasi kinabandikwa kwenye kadi. Kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio mashine za aina hii haziaminiki sana, kwa hiyo huyo anapimwa kwa stetoskopu, mara tatu, na mtu aliyefunzwa na sista yule yule wa Januari. Amekubali kufundisha timu yote kabla hajastaafu.

Septemba 2025

Nimevuka kwenda mwaka wa pili.

Hali ya mradi ilivyo leo: kibali kipo, fomu toleo la nne ndilo linalotumika, mikanda ya saizi tatu imenunuliwa, wasaidizi wawili wamefunzwa na mmoja bado anarudiwa kwa sababu anaachia hewa haraka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya kupanda, na takribani mmoja tu kati ya watano ndiye presha yake ilikuwa imedhibitiwa. Nimeombwa niiweke takwimu hiyo mwanzoni mwa sura ya kwanza. Nitaiweka, lakini chini yake nitaweka kadi ya mama wa Tandika, bila jina, kwa ruhusa aliyoitoa binti yake, namba zote zikiwa kama zilivyoandikwa.

Ukusanyaji wa takwimu unaanza Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Kabla ya hapo nina kazi mbili: kumpata fundi wa kupandisha ile meza ndogo, maana kwa watu warefu mkono unakaa chini ya moyo, na kukubaliana na uongozi wa kliniki kwamba viti vitatu vibaki pale pale hata utafiti ukiisha.